Miguu ya Kesho na Miguu ya Mwezi Ujao: Utangulizi wa Elimu ya Maji Baridi kwa Waendesha Baiskeli

Jumapili tarehe 28 Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifikia kilele chake jijini Kigali. Ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Wanaume walipangiwa kilomita 267.5, na vilima vya siku hiyo, ukivijumlisha, vilizidi mita 5,000 za kupanda. Wengi wa walioanza hawakufika mwisho. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano, kesho yake hakuna aliyetakiwa kupanda kilima chochote.

Sasa mfikirie kijana anayeshiriki Tour du Rwanda kwenye vilima hivyohivyo. Leo amemaliza hatua yake Musanze. Kesho asubuhi ataondoka kuelekea Rubavu, na keshokutwa kuna safari nyingine. Jioni hii mapaja yamekuwa mazito, na kupanda ngazi za hoteli ni mpaka ashike ukuta. Nyuma ya jengo kuna pipa la maji ya barafu. Aingie au asiingie? Na yule aliyefunga mashindano yake jana, naye aingie?

Waendesha baiskeli wengi na makocha wao watajibu kwamba wote wawili waingie, kwa sababu maji baridi huondoa uchovu. Mimi naamini majibu ni mawili, tena tofauti, na katikati ya majibu hayo ndipo ulipo uwanja wa elimu ninaokukaribisha. Maji baridi yanaweza kukurudishia miguu ya kesho. Mara nyingine gharama yake hulipwa na miguu ya mwezi ujao. Mwanafunzi wa fiziolojia, kocha wa klabu, muuguzi wa timu na mpanda baiskeli mwenyewe wakilielewa hilo kwa undani, sehemu kubwa ya ubishi unaosikika kando ya barabara kila baada ya mazoezi itakwisha.

Kinachouma ni nini

Tuanze na maumivu yenyewe, maana hakuna dawa inayoeleweka kabla ya ugonjwa kueleweka. Katika mazoezi mengi utasikia lawama zikielekezwa kwa asidi laktiki. Mchezaji huambiwa akae majini ili asidi itoke miguuni. Lakini laktiki inayopanda kwenye damu mtu anapokanyaga pedali kwa nguvu zote hurudi karibu na kiwango chake cha kawaida ndani ya takriban saa moja, ukiingia majini au usipoingia. Tena si taka. George Brooks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, amekuwa akionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba misuli hupitishiana laktiki na kuitumia kama chakula cha nguvu, na moyo nao huichoma. Kitu kilichoondoka mwilini Jumamosi jioni hakiwezi kuwa ndicho kinachouma Jumatatu asubuhi.

Theodore Hough, aliyefanya uchunguzi wake Boston na kuuchapisha mwaka 1902, alikwisha kutofautisha maumivu ya papo hapo ya msuli uliochoka na yale yanayochelewa kuja. Haya ya pili aliyahusisha na mipasuko midogo ndani ya msuli wenyewe. Leo tunajua kwamba hupamba moto kati ya saa 24 na saa 72 baada ya kazi, hasa kazi ambayo mwili haukuizoea.

Hapa baiskeli ina hadithi yake, na ni mojawapo ya hadithi ninazozipenda kuliko zote katika fani hii. Mwaka 1952, Bernard Abbott, Brenda Bigland na Murdoch Ritchie walifunga baiskeli mbili zikipeana mgongo na kuziunganisha kwa mnyororo. Mmoja alikanyaga kwenda mbele kama kawaida. Mwenzake alizikinza pedali zilipokuwa zikimsukuma miguu kurudi nyuma. Nguvu kwenye mnyororo ilikuwa ileile kwa wote wawili, lakini aliyekanyaga alitumia oksijeni mara kadhaa zaidi ya aliyekinza. Walipolionyesha jaribio hilo mbele ya Royal Society jijini London, mwanamke mwenye umbo dogo alikaa upande wa kukinza na mwanamume mkubwa upande wa kukanyaga. Mwanamume ndiye aliyechoka upesi.

Funzo lake ni kubwa. Msuli unaofanya kazi huku ukijifupisha hula nguvu nyingi. Msuli unaofanya kazi huku ukivutwa na kurefushwa hula kidogo, lakini ndio unaochanika. Mapema miaka ya 1980 Jan Fridén na wenzake huko Umeå, Uswidi, waliwaweka watu kwenye baiskeli ya aina hiyo ya kukinza, kisha wakachukua vipande vidogo vya misuli ya mapaja na kuvitazama kwa darubini ya elektroni. Mistari inayoshikilia nyuzi za msuli ilikuwa imevurugika. Mkimbiaji anayeteremka mlima hukinza kwa mapaja katika kila hatua, ndiyo maana kesho yake hushuka ngazi kinyumenyume. Mpanda baiskeli hukanyaga, na mapaja yake hujifupisha karibu muda wote wa safari.

Kwa hiyo miguu mizito ya mpanda baiskeli ina sababu zake za peke yake. Akiba ya glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa ndani ya misuli, imekaribia kuisha. Joto la mwili limepanda na maji yamepotea kwa jasho. Ubongo na neva zimechoka kuamuru. Mipasuko ipo pia, hasa kwa mgeni wa mchezo, kwa aliyepanda mlima akiwa amesimama juu ya pedali kwa muda mrefu, au aliyepita barabara ya changarawe inayomtikisa kila dakika, lakini mara nyingi si sababu kuu. Nalisisitiza hili kwa sababu makocha wengi huchukua mafunzo ya wakimbiaji na kuyapeleka kwenye baiskeli bila kuyapima. Na kuna jambo la wazi linalotokana nalo: hakuna pipa la barafu litakaloijaza glaikojeni. Wali, ugali, viazi na ndizi ndivyo vinavyoijaza, na kuijaza kikamilifu huchukua takriban siku nzima hata kwa anayekula vizuri. Timu yenye fedha za barafu lakini haina chakula cha kutosha jioni imekosea mpangilio wa matumizi.

Maji yanafanya nini

Mtu akisimama ndani ya maji hadi kiunoni anapata vitu viwili kwa pamoja, mkandamizo na ubaridi, na mara nyingi watu huona ubaridi peke yake. Maji yenye kina cha mita moja hubana mwili kwa takriban milimita 74 za zebaki, kiwango kinachokaribia kile cha chini katika vipimo vya kawaida vya shinikizo la damu. Nguvu hiyo husukuma damu na majimaji kutoka miguuni kuelekea kifuani, moyo hupokea damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na uvimbe wa miguu hupungua. Hata maji yasiyo baridi hufanya hivyo.

Ubaridi nao una kazi zake. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Ngozi hupoa ndani ya dakika chache, mishipa ya damu husinyaa, na neva zinazobeba taarifa za maumivu hupunguza mwendo. Msuli ulio ndani hupoa polepole zaidi, hasa kwa mtu mwenye mafuta mengi chini ya ngozi, na huendelea kupoa hata baada ya kutoka majini. Mapigo ya moyo yanayokwenda mbio baada ya mazoezi hutulia mapema. Mtu hutoka akiwa mwepesi, na wepesi huo ni wa kweli kwa anayeusikia.

Jambo moja limenishughulisha zaidi kwa sababu linatugusa sisi tunaoishi karibu na ikweta. Warren Gregson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores walichapisha mwaka 2011 vipimo vya damu inayopita katika mshipa mkuu wa paja kwa watu waliokaa majini wakiwa wamepumzika. Maji ya nyuzijoto 8 na maji ya nyuzijoto 22 yalipunguza mtiririko huo kwa kiasi kinachofanana. Baridi kali haikuongeza faida upande huo, na hilo lina maana kubwa kwa mtu ambaye kila kilo ya barafu anaitolea fedha mfukoni.

Ushahidi, na ugumu wake

Mwaka 2012 Chris Bleakley na wenzake walikusanya majaribio 17 madogo, yenye jumla ya washiriki 366, kwa ajili ya maktaba ya Cochrane. Walikuta kwamba kukaa kwenye maji baridi baada ya mazoezi hupunguza maumivu yanayochelewa, ukilinganisha na kupumzika tu. Mapitio ya mwaka 2016 yaliyoongozwa na Aryane Machado yalionyesha kwamba matokeo bora hupatikana kwenye maji ya nyuzijoto 11 hadi 15, kwa dakika 11 hadi 15. Hivyo ndivyo vipimo ninavyompa kocha anayeanza. Anayemwaga barafu mpaka nyuzi 4 au 5 hupata mateso zaidi, na sijaona sababu ya kisayansi ya kumpongeza.

Kwa waendesha baiskeli hasa, jaribio la kusoma kwanza ni la Joanna Vaile, Shona Halson na wenzao wa Australia, lililochapishwa mwaka 2008. Waendesha baiskeli 12 waliendesha dakika 105 kila siku kwa siku tano mfululizo katika maabara. Ndani ya kila kipindi walichomoka kwa kasi ya juu kabisa mara 66, kisha wakakimbizana na saa. Baada ya kila kipindi walikaa dakika 14 kwenye maji baridi ya nyuzi 15, au kwenye maji ya moto, au wakabadilishana moto na baridi, au wakapumzika bila maji. Waliopitia baridi, pamoja na waliobadilishana moto na baridi, walilinda uwezo wao vizuri zaidi kadiri siku zilivyosonga. Angalia muundo wake: siku tano mfululizo, kila siku kazi ngumu. Ni kama kijana wetu wa Musanze. Jaribio hilo linajibu swali la kesho, na linalijibu vizuri.

Ugumu wa fani hii ni kwamba huwezi kumficha mtu kwamba yumo kwenye maji ya barafu. Katika utafiti wa vidonge unampa mmoja dawa na mwingine kidonge kitupu, na wote hawajui. Hapa kila mtu anajua. James Broatch, Aaron Petersen na David Bishop wa Chuo Kikuu cha Victoria, Melbourne, walitafuta njia ya kuuzunguka ugumu huo, na mwaka 2014 wakachapisha matokeo ambayo hakuna anayeingia katika fani hii anayepaswa kuyaruka. Wanaume 30 walifanya mbio fupi kali kwenye baiskeli ya maabara, kisha wakakaa majini dakika 15. Kundi la kwanza lilipewa maji ya nyuzi 10. La pili lilipewa maji ya uvuguvugu matupu. La tatu lilipewa maji yaleyale ya uvuguvugu, lakini mbele ya macho yao yakamiminwa kimiminika walichoambiwa kuwa ni mafuta maalumu ya kurudisha nguvu za misuli. Kilikuwa sabuni ya kuoshea ngozi. Katika siku mbili zilizofuata, kundi la sabuni lilirudisha nguvu za miguu sawasawa na kundi la barafu, na likawapita wale wa maji ya uvuguvugu matupu.

Wako wanaolisoma jaribio hili na kutangaza kwamba maji baridi ni imani tu. Nadhani wanakwenda mbali mno. Imani ya mchezaji hupitia kwenye neva zilezile zinazoamuru paja lisukume pedali, na nguvu iliyopimwa kwenye mashine ilikuwa nguvu halisi. Ninachojifunza hapo ni kwamba sehemu ya faida tunayoihesabia barafu ni ya matumaini, na kwamba kocha anayemlazimisha majini mchezaji asiyeyataka huenda anaitupa sehemu hiyo. Anayeyachukia maji baridi apumzike kitandani, alale mapema, na asionekane mvivu.

Bei ya mwezi ujao

Sasa tufike kwenye upande ambao wapenzi wa barafu hawaupendi. Baada ya kazi ngumu msuli huvimba kidogo, huita seli za ulinzi, huongeza damu na huanza kujenga protini mpya. Kero tunayoisikia ni sehemu ya ujenzi huo. Ukiutuliza ujenzi kila jioni, nyumba itakamilika vipi? Gabe Mirkin, daktari Mmarekani aliyeueneza ushauri wa kupumzika, kuweka barafu, kufunga bandeji na kuinua kiungo katika kitabu chake cha mwaka 1978, alikuja kuandika mwaka 2014 kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona. Alikuwa akizungumzia majeraha, lakini swali ni lilelile.

Mwaka 2015 Llion Roberts, Jonathan Peake na wenzao walichapisha utafiti wa wanaume 21 waliofanya mazoezi ya kunyanyua uzito kwa wiki 12. Karibu nusu walikaa dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 10 baada ya kila zoezi, na waliobaki walikanyaga baiskeli taratibu. Waliokaa kwenye baridi waliongeza misuli kidogo zaidi na nguvu kidogo zaidi kuliko wenzao, yaani waliachwa nyuma kwa vyote viwili. Vipande vya misuli vilionyesha kwamba ishara za ujenzi ndani ya seli zilikuwa zimefifishwa. Miaka miwili baadaye kundi hilohilo la watafiti lilionyesha kwamba baridi haikupunguza dalili za uvimbe ndani ya msuli zaidi ya kukanyaga taratibu, jambo lililotikisa maelezo tuliyokuwa tukiyarudia madarasani kwa miaka mingi.

Halafu kuna Cas Fuchs na Luc van Loon wa Maastricht, Uholanzi. Jaribio lao la mwaka 2020 nalipenda kwa usafi wa muundo wake. Wanaume 12 walifanya mazoezi ya miguu yote miwili, kisha wakatumbukiza mguu mmoja kwenye maji ya nyuzi 8 na mwingine kwenye maji ya nyuzi 30, kwa dakika 20. Waliendelea hivyo wiki mbili. Damu ni moja, chakula ni kimoja, usingizi ni mmoja. Kinachotofautiana ni joto la maji peke yake. Mguu uliopozwa ulijenga protini mpya ya msuli kidogo kuliko mwenzake.

Lakini hayo yote ni mazoezi ya uzito. Je, mazoezi ya pumzi, yaani zile saa nyingi juu ya tandiko? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, Halson na wenzake waliwafuatilia waendesha baiskeli 34 wa mashindano, wakiongezewa mazoezi makali kwa wiki tatu. Waliotumia maji baridi mara kwa mara hawakuonekana kupoteza chochote cha maana katika kukua kwao. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2021, ukiongozwa na Elvis Malta wa Brazili, ulifikia mahali palepale: matumizi ya mara kwa mara hupunguza faida za mazoezi ya nguvu, lakini hayagusi sana zile za ustahimilivu.

Kutokana na hayo najenga ushauri wangu, nao ni ushauri wa mtu aliyesoma ushahidi uliopo leo. Mbio za siku nyingi zikifika, tumia maji baridi kila jioni kama unayapenda. Katika miezi ya kujenga nguvu, pale mchezaji anapobeba vyuma au anapopanda vilima kwa gia nzito ili paja likue, mweke mbali na pipa, hasa katika saa za mwanzo baada ya zoezi. Katika wiki za kawaida za masafa marefu sioni madhara makubwa, wala sioni sababu ya kuingia gharama. Na asiingie ndani ya baridi kabla tu ya kuchomoka: misuli iliyopozwa hutoa nguvu ndogo, na kwenye mbio mbili za siku moja mtu anaweza kujipunguzia ushindi kwa mkono wake mwenyewe.

Pipa letu

Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa mahali ambapo maji ya bomba hutoka yakiwa baridi. Dar es Salaam au Mombasa, maji ya tangi lililokaa juani yanaweza kufika nyuzi 28 au zaidi, na bahari yenyewe huwa kati ya nyuzi 25 na 29. Tuhesabu basi. Lita 150 za maji ya nyuzi 28, zishushwe hadi 15, zinahitaji takriban kilo 20 za barafu, karibu ndoo mbili za lita 20 zilizojaa vipande. Kwa barafu za mifuko ya nusu lita zinazouzwa majumbani, ni mifuko 40. Miguu yenye joto nayo itaendelea kuyapasha maji, kwa hiyo kuwe na akiba pembeni. Ukikubali kuishia nyuzi 22, zile za Liverpool, kilo 9 zinatosha. Kwenye nyanda za juu, ambako maji huamka na nyuzi 20, kilo 8 hivi zitakufikisha 15.

Pwani kuna faida nyingine ambayo naiona kubwa kuliko ya maumivu. Jeremiah Peiffer na wenzake waliwaweka waendesha baiskeli katika chumba cha nyuzi 35, wakawachosha, kisha wakawapa dakika 5 tu kwenye maji ya nyuzi 14 kabla ya kuendesha tena kilomita 4 kwa kasi. Waliopozwa waliendesha vizuri zaidi ya wasiopozwa. Hapo kilichotibiwa ni joto la mwili mzima, na mizani ikawa upande wa kupoa: faida ya kushusha joto ilizidi hasara ya msuli uliopoa. Kwa mtu anayefanya mazoezi mawili kwa siku mjini Tanga mwezi Februari, kupoa huko ndiko kunakoweza kumwokolea jioni yake. Hata maji ya nyuzi 28 huondoa joto kwenye mwili uliochemka, ila polepole, na mkandamizo wake uko palepale. Kukaa baharini hadi kiunoni baada ya safari ndefu si kazi bure, alimradi bahari imetulia na hauko peke yako.

Usalama hauna mjadala. Mtu akiingia ghafla kwenye maji chini ya nyuzi 15, pumzi humtoka na kuingia bila hiari, moyo hukimbia na shinikizo la damu hupanda. Mike Tipton wa Portsmouth ametumia miaka mingi kuueleza mshtuko huo, ambao hufika kilele ndani ya nusu dakika ya kwanza na kutulia baada ya dakika mbili au tatu. Ndiyo maana mtu huingia taratibu, akiwa ameketi au amesimama imara, kichwa juu ya maji, na mwenzake akiwa karibu. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu lisilodhibitiwa asiingie bila daktari. Na kwetu kuna kundi ambalo vitabu vya ughaibuni hulitaja kwa shida: wenye ugonjwa wa selimundu. Baridi ya ghafla ni mojawapo ya vitu vinavyojulikana kuamsha maumivu makali ya ugonjwa huo, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nao duniani. Kocha aulize kabla ya kujaza pipa. Pipa lenyewe lioshwe, maji yabadilishwe, na mwenye mkwaruzo wa kuanguka asiwekwe kwenye maji waliyokaa wenzake watano.

Yaliyobaki kwa ajili yako

Ukirudi nyuma utaona kwamba majaribio mengi niliyoyataja yalifanywa kwa wanaume, vijana, tena katika nchi za baridi au vyumba vyenye kiyoyozi. Wanawake ni wachache mno katika takwimu hizi, ingawa miili yao hutofautiana na ya wanaume katika mafuta ya chini ya ngozi na katika joto linalobadilika kwa siku za mwezi. Hakuna sababu ya kungoja maabara za mbali zituletee jibu hilo. Wala hatuna haja ya kuishia kwa washindani. Mtu anayesukuma na kuendesha baiskeli yenye magunia ya mkaa kutoka kijijini hadi mjini hukinza uzito huo kwenye kila mteremko, na miguu yake inafanana zaidi na ile ya baiskeli za Umeå kuliko ya mshindani wa barabarani. Yeye hana siku ya mapumziko kati ya hatua. Maumivu yake hayajapimwa inavyostahili, na ningefurahi kuona mwanafunzi wa Morogoro au Kisumu akiyafanya kuwa tasnifu yake.

Muundo wa Maastricht unafanyika kwa mabeseni mawili marefu. Unahitaji kipimajoto, saa, mizani ya barafu, kipimo cha kueleza maumivu kwa namba kutoka 0 hadi 10, na njia moja ya kupima nguvu inayorudiwa vilevile kila siku, iwe kunyanyuka kutoka kwenye kiti kwa mguu mmoja au kukanyaga kilima kilekile kwa saa. Mguu wa baridi uchaguliwe kwa kurusha sarafu, asiuchague mshiriki. Anayepima nguvu asijue ni upi uliokaa kwenye barafu. Joto la maji liandikwe mwanzoni, katikati na mwishoni, kwa sababu beseni la Dar es Salaam lililoanza na nyuzi 15 halitakuwa na nyuzi 15 baada ya dakika 12, na chakula cha jioni kiandikwe kwa gramu, pamoja na saa za kulala.